Madoa ya Ijumaa

Mafuta ya dada yalinukia karanga zilizokaribia kuungua, na majuma yale ya mwanzo wa vuli nilitembea na harufu hiyo mji mzima. Ilikaa kwenye kola ya koti, kwenye mkanda wa saa, kwenye kurasa za kitabu nilichofungua ndani ya basi nikajidai nasoma. Nikirudi chumbani kwangu mtaa wa Kings Heath naikuta imetangulia, imelala kwenye foronya. Nilifua, nikaoga, nikafungua dirisha baridi ikaingia. Haikutoka. Wala mimi sikutulia.

Namwita dada kwa sababu ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja wala nchi moja. Mimi ni mtu wa Tanga. Yeye alizaliwa Bukavu, akafika Birmingham akiwa binti mdogo, mkimbizi pamoja na mama yake, akasoma kemia hapahapa akaipenda kama wengine wanavyopenda kwaya. Yeye aliniita petit, yaani mdogo wake. Tulifanya kazi pamoja kwenye maabara moja ndogo nyuma ya mtaa wa Digbeth, chini ya matao ya reli, ambako treni ikipita juu vikombe vya chai hugongana rafuni. Kazi yetu ilikuwa kupima mafuta.

Si ya kupikia, wala si ya injini. Ni mafuta ya kulainishia chuma kinapoviringishwa kikiwa baridi. Chuma hakipashwi moto. Kinabanwa tu kati ya rola mbili nzito, kinatoka upande wa pili kikiwa kirefu na chembamba zaidi, king'aavu, na mabamba hayo ndiyo yanayokuja kuwa mlango wa friji au ubavu wa gari. Bila mafuta, rola hung'ang'ania chuma na kukikwaruza. Mafuta yakiwa na utelezi kupita kiasi, rola huteleza juu yake zisikishike. Kwa hiyo unatafuta kitu cha katikati, na hata ukikipata bado hujamaliza, maana mafuta yakishafanya kazi yake yanatakiwa yaondoke. Chuma kilichobanwa huwa kigumu na kikaidi. Lazima kiwekwe kwenye tanuri kilainike, na humo tanurini mafuta yaliyobaki juu yake yanatakiwa yageuke mvuke na kupotea, yasiache hata kumbukumbu. Yakiacha doa, rangi haitashika vizuri, na bamba zima ni la kutupwa.

Nilikuwa na riwaya moja iliyochapishwa nyumbani, iliyosifiwa na watu ninaowafahamu, na nyingine niliyokuwa nikiihangaikia. Riwaya hailipi kodi ya chumba. Cheti changu cha ufundi wa maabara, nilichokipata kwa kumridhisha baba, ndicho kilichonifungulia mlango ule chini ya reli. Nilidhani nitakaa kidogo tu.

Dada alikuwa ametunga mafuta mapya, sehemu kubwa yanatokana na mimea, ya kuchukua nafasi ya mafuta ya zamani yanayotumiwa na mteja wetu mwenye kiwanda. Mara ya kwanza yalishindwa kwa sababu ya madoa. Akayarekebisha. Meneja wetu, mama wa Kiingereza mzaliwa wa mji huu, aliyetuita sote bab kama wenyeji wanavyoitana, alimwambia mbele yangu bila kuzungushazungusha kwamba jaribio hili ndilo la mwisho. Yakifaulu, dada anaajiriwa moja kwa moja. Yakishindwa tena, mkataba wake utaisha na vuli na hautaongezwa. Kazi nyingine aliyoipata ilikuwa mji mwingine, Sheffield, tena ndogo kuliko hii. Angelazimika kuwahamisha watoto shule na kumwacha mama yake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa na ambaye alishatoa uamuzi.

"Mama anasema yeye alishahama inchi," dada aliniambia, "hawezi kuhama tena hata nyumba. Anasema nimuletee Sheffield hapa."

Alicheka aliposema hivyo. Binti yake mkubwa, anayeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alikuwa ameacha kumjibu kwa lugha yoyote tangu aliposikia habari ya Sheffield.

Pale maabara kulikuwa na sheria moja: aliyetunga mafuta haruhusiwi kuingia chumba cha rola mafuta yake yanapopimwa. Asiguse chuma, asiguse mafuta, asinong'one. Kwa hiyo kazi yote ya mikono ilikuwa yangu, na dada alibaki kwenye ujia, nyuma ya dirisha la kioo, amevaa koti lake jeupe, anatafuna karanga na kuniangalia. Nikitoka kuchukua kitu ananidaka.

"Wananifungia inje kama bibi harusi! Alors, maziwa iko namna gani?"

Maziwa ndiyo mafuta yakishachanganywa na maji ya moto. Yanageuka meupe, mazito kidogo, na ukiyachungulia ndani ya pipa la chuma yakizunguka unaweza kusahau ni nini, ukataka kuchovya mkate.

"Yametulia," nikamwambia. "Hayajajitenga."

"Hayajajitenga, lakini weye je? Angalia miguu yako. Petit, utatoboa sakafu, wakate mshahara yako."

Ilikuwa kweli. Miguu yangu ilikuwa haitulii. Nikisimama kwenye mizani inacheza, nikikaa inacheza. Nilikuwa nimezoea kungojea maneno, ambayo yakichelewa hayamhamishi mtu mji. Sasa nilikuwa nangojea chuma, na nyuma ya kioo kulikuwa na mtu anayetafuna karanga mojamoja kama anayepunguza saa.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nilikuwa nakata bamba, naliosha kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kinatoka cheupe, nalichovya kwenye maziwa, nalipeleka mdomoni mwa rola. Rola inalimeza polepole. Kuna mlio, si kelele, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Halafu bamba linajitokeza upande wa pili likiwa na joto la mwili wa binadamu, limerefuka, na ndani yake naona uso wangu umerefuka pia. Kwenye kioo cha mashine nasoma nguvu ambayo rola imetumia. Napima unene. Kisha nabandika selotepu juu ya bamba, naibandua, naibandika kwenye karatasi nyeupe kuona imebeba uchafu kiasi gani. Vumbi la chuma lililosagika huacha kivuli cha kijivu. Mafuta ya zamani yaliacha kivuli kama cha penseli. Ya dada yaliacha kitu ambacho ilibidi niinamishe karatasi dirishani ndipo nikione.

Nilimwinulia karatasi ile kwenye kioo. Sheria haikukataza kuinua karatasi. Dada aliweka kiganja chake upande wa pili wa kioo, mdomo umejaa karanga, akafumba macho.

Kwa nguvu ya rola alifaulu. Kwa usafi alifaulu vizuri zaidi. Likabaki tanuri.

Mabamba ya mwisho yaliangukia Ijumaa. Asubuhi nilifanya nusu, mchana nikaomba ruhusa kama kawaida, nikapanda basi kwenda mtaa wa Alum Rock kuswali. Nilikuwa napenda safari ile kwa sababu ya barabara yenyewe: maduka ya vitambaa, masanduku ya maembe kwenye njia ya miguu, watu wanaotembea kwa haraka wakiwa wamevaa kanzu na makoti ya baridi juu yake. Msikitini nina mahali pangu karibu na hita, na karibu na hita huwa kuna mzee mmoja wa Kizanzibari mwenye duka la nguo hapohapo mtaani. Mzee huyu hakosi kichupa mfukoni. Ni kile kichupa chenye kijiti, cha mafuta mazuri, kama wanavyoyaita kwao, yale marashi mazito ya udi na waridi yasiyo na spiriti. Kabla ya hotuba hupita safu nzima, kila mtu anatoa mkono, anapakwa kidogo mgongoni mwa kiganja, anasugua, anajipaka shingoni. Huwezi kukataa. Ni kama kukataa salamu.

Siku ile alinisogelea, akakunja pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mwandishi leo umetoka wapi, gereji?"

"Kazini, mzee. Ni mafuta ya chuma."

"Wallahi hata malaika wako wa kulia kakaa mbali leo. Lete mikono. Yote miwili, lete. Na huku ndani pia."

Akanipaka mgongoni mwa mikono, akanigeuza viganja akanipaka na huko, akanipaka tena, huku vijana wa safu ya nyuma wakicheka kichinichini. Nikasugua. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi sikunukia karanga. Nilinukia harusi. Nilikaa pale, nikasikiliza hotuba, na miguu yangu ilitulia kabisa. Nakumbuka hilo kwa sababu niliitazama nikaishangaa.

Nikarudi kazini nimechangamka. Nikavuta glavu mpya kwenye boksi, nikazivaa, nikamaliza mabamba yaliyobaki: ya mafuta ya dada na ya mafuta ya zamani, kwa zamu, kama inavyotakiwa. Nikayapanga moja juu ya jingine, kila mafuta na bunda lake, nikafunga kwa waya, nikayaingiza tanurini. Meneja akafungulia gesi ya kufukuza hewa, akawasha. Tanuri lile hupanda moto taratibu na kupoa taratibu zaidi. Halifunguliwi kabla ya Jumatatu.

Jumamosi kulikuwa na kikao chetu cha waandishi, ghorofani kwenye ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi, si mbali na kituo cha mabasi ya safari ndefu. Tuko wachache, wa Mombasa, wa Dar, wa Goma, tunasomeana tulichoandika kisha tunararuana kwa heshima. Zamu ilikuwa yangu. Nilisimama, nikasoma ukurasa wa kwanza wa sura yangu, nikafika katikati, nikasikia sentensi zangu zinateleza. Nzuri, laini, hazishiki kitu. Nikaomba radhi nikakaa. Mtu akauliza kama naumwa. Nikasema kuna tanuri linapoa. Walidhani ni tamathali, wakaanza kuijadili.

Jumapili nilitembea. Nilishuka na mfereji wa boti mpaka nisikokujua, nikarudi. Dada alinipigia akitoka kanisani, nyuma yake watoto wanagombana kwa Kiingereza.

"Unafanya nini?"

"Natembea."

"Hata mi nimetembeatembea ndani ya ibada mpaka pasta akaniangalia. Tumuachie Mungu, petit. Na gesi."

Jumatatu asubuhi meneja alifungua tanuri, nikatoa mabunda, nikakata waya. Sasa dada aliruhusiwa kuingia, maana chuma kilishapita mikononi mwangu na kilichobaki kilikuwa kutazama tu. Nikainua bamba la juu la mafuta yake.

Katikati palikuwa na doa la kahawia. La pili pia. La tatu lilikuwa na madoa matatu yaliyopangana. Dada alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena, kana kwamba doa lingeweza kuwa kwenye miwani.

"Pole, bab," meneja akasema polepole.

Nikaendelea kuinua mabamba kwa sababu mikono yangu haikujua kingine cha kufanya. Nikamaliza bunda lake, nikafungua la mafuta ya zamani. Na hapo, juu ya chuma kilicholainishwa na mafuta ambayo kwa miaka hayajawahi kuacha kitu katikati ya bamba, palikuwa na doa lilelile la kahawia. La mviringo, refu kidogo. Nikaliwekea kidole gumba changu juu. Vililingana sawasawa.

Dada aliona. Hakuangalia chuma tena, aliangalia mkono wangu. Akaenda kwenye boksi la glavu, akaliinua, akatia pua ndani.

"Mon Dieu," akasema. "Hii boksi iko na harufu ya bwana harusi!"

Basi ikawa wazi, yote kwa mara moja, na masikio yangu yakawaka moto. Nilikuwa nimezivuta glavu kwa viganja vilivyopakwa udi. Nje ya glavu kukawa na udi, na kwa glavu hizo nikashika kila bamba. Utomvu ule mzito hauondoki tanurini. Unaungua na kukaa. Nikamweleza meneja habari ya mzee, hita na kichupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa utaratibu kabisa kama marashi hayo yanapatikana dukani, maana mumewe ana siku ya kuzaliwa. Kisha akaacha utani. Akasema mabamba ya asubuhi na ya mchana yamechanganyika, kwa hiyo jaribio zima la tanuri halihesabiki. Litarudiwa. Mhandisi wa mteja anakuja Alhamisi. Moto mmoja tu ndio unaowezekana kabla yake, kwa bunda dogo, na hakutakuwa na mwingine.

Dada alinishika mabega akanitikisa. "Si mafuta yangu! Petit, njo mikono yako, ni mikono yako tu! Asante Mungu kwa mikono yako michafu!" Akatoka kwenda ujiani akiimba, na treni ikapita juu, na vikombe vikagongana.

Mimi nilibaki na mabamba. Na sasa, nikiyageuza dirishani, nikaona kitu kingine. Kwenye mabamba ya dada, mbali na alama za vidole vyangu, pembezoni kabisa, ukingo ulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chai. Mafuta ya zamani hayakuwa nao. Mvuke hutoka kwa pembeni. Ukiwa mzito, huacha kitu mlangoni unapotoka. Niliusugua kwa kitambaa. Nikausugua kwa spiriti. Ulibaki.

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba jaribio limefutwa, kwamba pengine udi umesambaa, kwamba Jumatano tutaona. Dada alikuwa anaimba ujiani na sikuwa na moyo wa kumkatiza kwa jambo ambalo huenda si jambo.

Siku zile mbili sikula vizuri wala sikuandika. Niliosha mikono mpaka ngozi ikapauka. Niliviringisha mabamba mapya na kuyapanga kwa koleo. Dada aliniletea chakula kwenye kopo, majani ya muhogo yaliyopondwa na mawese, akaliweka kwenye meza ya nje ya chumba cha rola.

"Hii si rushwa," akasema. "Njo sombe tu. Lakini kama unataka kuita rushwa, kula kwanza."

Nilikula.

Jumatano jioni tanuri lilifunguliwa. Kutoa alama kuna utaratibu wake: watu wawili wanatazama kila mmoja peke yake, wakilinganisha chuma na picha za mfano zilizobandikwa ukutani, kuanzia moja, ambayo ni safi, hadi tano, ambayo ni balaa. Mbili ni kufaulu. Tatu ni kushindwa. Wawili wakitofautiana, inachukuliwa ile mbaya. Dada haruhusiwi kuwa mmoja wao, bila shaka. Alikuwa tena nyuma ya kioo chake, na safari hii hakuwa na karanga.

Katikati ya mabamba palikuwa safi. Safi kiasi kwamba mwanga wa taa ulikaa juu yake kama maji. Hakukuwa na kidole wala kivuli. Na ukingoni, ule mstari wa rangi ya chai. Haukuwa mpana kuliko ukucha wa kidole kidogo. Lakini ulizunguka bamba zima, na picha namba mbili haikuwa na mstari. Picha namba tatu ilikuwa nao.

Nilizunguka meza. Nilizima taa nikatazama kwa mwanga wa dirisha, nikawasha tena. Mtu anayeandika riwaya amezoea kwamba akitaka mvua inyeshe inanyesha. Nilimtaka dada abaki. Nilimtaka mama yake abaki kwenye nyumba yake, binti yake aanze kujibu tena hata kama ni kwa Kiingereza. Nilitafuta namba mbili kwenye kile chuma kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko aliokwisha kuugeuza nje. Meneja alikuwa amekwisha kuandika alama yake, amesimama mlangoni, ananingoja.

Niliandika tatu.

Yeye alikuwa ameandika mbili. Ikachukuliwa yangu.

Dada aliingia, akalitazama bamba muda mrefu, akalitazama upande wa pili. Hakulia. Nilitamani alie.

"Uliona hii mstari tangu Jumatatu?" akauliza.

"Niliona."

"Ukanyamaza. Ukaniacha niimbe."

"Dada..."

"Ungeandika mbili, ile chuma ingekufa?"

Alichukua mkoba wake, akachukua na kopo lake tupu la sombe, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, gari likapiga honi, naye akalipungia mkono bila kugeuka.

Nilienda nyumbani kwa miguu. Ni mwendo mrefu, wa kupanda, na nilitaka kila hatua yake. Watu walikuwa wamekaa nje ya baa za Kings Heath na makoti yao, wanacheka, na mimi napita katikati yao ninanukia mawese na spiriti, nikibishana kwa sauti na mtu asiyekuwepo. Ingekufa? La, isingekufa. Ingeenda kiwandani, ikapakwa rangi, na siku moja mlango wa friji ya mtu ungeanza kuchubuka pembeni, asijue kwa nini. Je, hilo ni jambo kubwa kuliko Sheffield? Nilipofika mlangoni nilikuwa bado sijashinda ubishi huo. Bado sijaushinda.

Mhandisi wa mteja alifika Alhamisi, mtu mrefu aliyevaa buti za kiwandani chini ya suti. Dada alikuja pia, amesuka nywele upya, hakunisalimu. Mhandisi akasoma karatasi ya nguvu ya rola, akainua nyusi. Akatazama selotepu, akainua tena. Kisha akafika kwenye namba.

"Nani ameandika tatu?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamletea bamba dirishani, nikapitisha kidole ukingoni bila kugusa. Nikamwambia: hapa tu, kuzunguka pande zote, na si kwa bahati mbaya, maana mstari huu ulikuwepo hata Jumatatu, na katikati hakuna kitu. Alilichukua, akalipima ukingo kwa jicho moja.

"Sisi pembeni tunakata," akasema. "Kila roli la bamba lililoviringwa linakatwa kingo kabla halijatoka. Zaidi ya upana huu." Akageuka kwa dada. "Lakini kiwandani roli ni pana kuliko haya, na mvuke una safari ndefu zaidi. Siwezi kujua kama mstari huu utabaki hapa au utaingia ndani."

"Hautaingia ndani," dada akasema, "kama nikipunguza kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Nikikwambia, hutanihitaji."

Mhandisi akacheka. Meneja hakucheka, alikuwa anamtazama mhandisi kama anayeangalia sufuria ya maziwa jikoni. Walienda ofisini, wakafunga mlango. Tukabaki wawili, mimi na dada, na treni zikapita. Miguu yangu ikaanza.

"Tuliza miguu," akasema bila kuniangalia.

Uamuzi haukuwa wa shangwe. Mafuta hayakununuliwa. Mteja alikubali yarekebishwe kisha yajaribiwe kwenye mashine yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo mkataba wa dada uliongezwa mpaka msimu wa baridi uishe. Si ajira ya moja kwa moja, lakini Sheffield ilisogea mbali kidogo. Meneja alipomwambia, dada aliuliza kama anaweza kuanza sasa hivi, akaenda kwenye mizani yake, akavaa miwani, akafanya kazi mpaka watu wa usafi wakaja. Kwangu hakusema neno, siku ile wala Jumatatu iliyofuata.

Ijumaa ya juma hilo nilienda kuswali. Mzee alikuja na kichupa chake. Nikaificha mikono mifukoni, nikamweleza kisa. Alisikitika sana, kwa upande wa marashi. "Udi wa watu umekaa ndani ya tanuri siku mbili," akasema, "na haukumnukia mtu hata mmoja." Akanipaka nyuma ya masikio, akasema huko chuma hakifiki.

Niliporudi, dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha rola. Mafuta yake mapya yalikuwa tayari ndani, yanazunguka kwenye pipa, meupe, yana joto. Alinizibia njia kwa mwili wake mzima.

"Leta mikono."

Nikaitoa. Aliishika kwa vifundo, akainamisha uso, akanusa mgongo wa mkono wa kulia, akanusa wa kushoto, akavigeuza viganja. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona mvi zilizoanza kwenye mstari wa nywele zake. Nilisubiri. Miguu yangu, Mungu anajua, ilikuwa inacheza.

Akaiachia.

"Kaoshe tena," akasema, akaninyooshea kidole kwenye sinki, na hakutoka mlangoni mpaka aliposikia maji yanamwagika.